Kazi ya kupogoa na kukata miti Mantapala: vifaa vya kuanzia, ruhusa unazohitaji na jinsi ya kupata wateja

Mvua za kwanza zinapokaribia, kati ya Oktoba na Novemba, upepo huja kabla ya maji. Matawi makavu ya miembe huangukia mabati, uzio na vibanda vya soko. Wakati huo ndipo watu wa Mantapala, Nchelenge na Kashikishi huanza kuuliza: nani anaweza kutupandia mti huu?

Kazi ipo, kwa wakimbizi na kwa wenyeji pia. Lakini ni kazi inayovunja mgongo na kukata mguu kwa dakika moja, na mti uliokatwa bila ruhusa unaweza kukufikisha polisi au kugombanisha jamii mbili zinazoishi pamoja. Makala hii ni kwa mtu anayeanza: anunue nini kwanza, aombe ruhusa wapi, na apate wateja vipi.

Kwa ufupi

- Anza na kupogoa, yaani kupunguza matawi. Kuangusha mti mzima kutakuja baadaye.
- Nunua kwanza vifaa vinavyokulinda, kisha msumeno wa mkono. Chensoo ndiyo ya mwisho.
- Usikate mti wowote kabla ya kujua ni wa nani na nani anatoa ruhusa.
- Usifanye kazi peke yako, na usiguse mti ulio karibu na nyaya za umeme.

Ujuzi mwingine tayari tunao

Kazi hii si ngeni katika eneo hili. Wabemba na majirani zao wa kaskazini mwa Zambia wamelima kwa njia ya chitemene tangu zamani. Mkulima hupanda mti na shoka, hukata matawi na kuacha shina likiwa hai, kisha matawi hukusanywa na kuchomwa ili majivu yarutubishe shamba la ulezi. Jina lenyewe linatokana na neno la Kibemba la kukata, ambalo ni ndugu wa neno letu la Kiswahili «kutema», kama tunavyosema kutema kuni. Shina lililoachwa huchipua tena. Hiyo ndiyo maana ya kupogoa: unachukua tawi, unaacha mti.

Kwa upande wa wakimbizi, wapo waliokuwa wakipanda michikichi kuvuna ngazi za mawese huko Kongo. Wanajua kutumia mkanda unaozunguka shina na kiuno. Ujuzi huo una thamani, lakini kuna tofauti moja ya kuangalia. Mchikichi hauna matawi, hivyo mkanda hupanda nawe hadi juu bila kufunguliwa. Mwembe una matawi kila mahali. Kila ukifika kwenye tawi unalazimika kufungua mkanda ili uupitishe juu yake, na katika sekunde hizo hakuna kinachokushikilia. Kwa sababu hiyo, mpogoaji wa mwembe anahitaji vifungo viwili: kimoja kinabaki kimefungwa wakati kingine kinahamishwa. Wapandaji wazuri wa michikichi wajifunze hili kabla ya jambo jingine lolote.

Ruhusa kwanza, msumeno baadaye

*Mti huu ni wa nani?* Sheria ya Misitu ya Zambia ya mwaka 2015 inasema kwamba miti iliyo kwenye maeneo ya kimila, misitu ya taifa na ardhi ya serikali iko mikononi mwa Rais kwa niaba ya Jamhuri, mpaka itakapohamishwa kisheria. Kwa lugha rahisi: mti wa asili uliokuta kwenye kiwanja chako haukuwa wako wa kuuza kwa sababu tu umepewa kiwanja hicho. Kukata miti kwa ajili ya mbao au mkaa wa kuuza kunahitaji leseni, na kusafirisha mazao hayo kunahitaji kibali kingine. Anayeshughulikia mambo haya ni Idara ya Misitu, kupitia ofisi yake ya wilaya.

Kupogoa mwembe uliopandwa na mwenye nyumba ni jambo jepesi zaidi, lakini hata hapo hakikisha anayekuita ndiye mwenye mti. Mpangaji si mwenye mti, na shemeji wa mwenye nyumba pia si mwenye mti. Kwa mti wa shule, zungumza na mwalimu mkuu. Kwa mti wa kanisa, zungumza na viongozi wa kanisa. Kwa mti ulio kijijini, anza na mkuu wa kijiji, mwine mushi kama wenyeji wanavyomwita. Ndani ya makazi, pitia kwa viongozi wa eneo lako na ofisi ya Afisa wa Wakimbizi.

*Miti ya kuacha.* Kuna miti ambayo wenyeji hawapendi kuona ikikatwa, na sababu zao ni za kweli. Musuku na mupundu huzaa matunda yanayoliwa na kuuzwa. Miti mingine ya miombo, kama mutondo, hulisha viwavi wanaoliwa, wale finkubala ambao familia nyingi huwategemea kwa chakula na kwa pesa ya ada ya shule. Mtu akiangusha mti wa viwavi ili apate gunia la mkaa, jirani yake anapoteza mapato ya kila mwaka. Miti ya makaburini na ya mahali pa mizimu haiguswi bila kauli ya wazee. Na mukula, mti wenye mbao nyekundu, usiuguse kabisa: ukataji wake unadhibitiwa kwa leseni, na tangu mwaka 2019 biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES.

*Ikiwa wewe ni mkimbizi.* Zambia ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1969, lakini iliweka masharti kuhusu kazi na kutembea. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2017 inaendelea na utaratibu huo. Kwa hiyo, kabla ya kwenda kufanya kazi Kashikishi, Nchelenge au Mansa, unahitaji kibali cha kutoka kwenye makazi, kinachotolewa na ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi kupitia Afisa wa Wakimbizi aliyepo Mantapala. Kuajiriwa nje ya makazi kunahitaji pia kibali cha kazi kutoka Idara ya Uhamiaji. Usidhani kwamba mteja ataona shida hii kwa niaba yako. Polisi wakikusimamisha barabarani ukiwa na msumeno na huna karatasi, mteja hayupo pale. Uliza kwanza, na tembea na karatasi zako halisi.

Njia moja inayorahisisha mambo ni kufanya kazi kama kikundi chenye wakimbizi na wenyeji pamoja. Mwenyeji anajulikana na wateja na anajua miti ya kwao. Mkimbizi analeta nguvu, ujuzi na mara nyingi lugha zaidi ya moja. Hata hivyo, kikundi hakiondoi wajibu wa kila mkimbizi kuwa na kibali chake.

Vifaa: nunua kwa mpangilio huu

Kosa la kawaida la anayeanza ni kukusanya pesa zote, kununua chensoo ya bei nafuu, kisha kwenda kazini na ndala miguuni. Msumeno mkubwa hauleti kazi kama huna namna ya kufika juu salama na kushuka salama. Ikiwa pesa ni kidogo, nunua kwa hatua nne.

*Hatua ya 1: vinavyokulinda*

- Kofia ngumu. Ya baiskeli haitoshi, na ya kitambaa si kinga. Angalia kama ina nyufa, na kama mkanda wa kidevuni unafunga vizuri. Kofia inayoanguka ukiinama haina kazi.
- Miwani ya kazi. Vumbi la mbao na utomvu huingia machoni mara ya kwanza unapotazama juu. Utomvu wa mwembe unaunguza ngozi pia, hivyo vaa mikono mirefu.
- Glovu zinazobana mkono vizuri. Glovu kubwa kupita kiasi hunaswa kwenye matawi.
- Buti zenye soli isiyoteleza na zinazofunika kifundo cha mguu. Gambuti za mpira za shambani huteleza kwenye gome lenye maji.
- Kisanduku kidogo cha huduma ya kwanza: bandeji pana, vitambaa safi, mkasi.

*Hatua ya 2: msumeno wa mkono na shoka*

Msumeno wa kupogolea una ubao uliopinda kidogo na meno yanayokata unapovuta kuelekea kwako. Huu ni tofauti na msumeno wa seremala, ambao mara nyingi hukata unaposukuma. Juu ya mti, kuvuta ni salama zaidi kuliko kusukuma, kwa sababu unaposukuma unajitupa mbele. Ubao wa sentimita 30 hadi 35 unatosha kwa matawi mengi ya mwembe. Uwe na ala, yaani mfuko wa kuuvalisha. Msumeno usio na ala ni kisu kinachoning'inia kiunoni mwako.

Shoka na panga ni vya kazi ya chini: kupunguza matawi yaliyokwisha kuanguka. Panga juu ya mti ni hatari mara mbili. Linahitaji mkono mzima kurushwa, na likiteleza linafuata mguu wako. Tena, panga huacha kidonda chenye nyuzi nyuzi ambacho mti huchukua muda mrefu kukifunga.

*Hatua ya 3: kamba*

Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu Kashikishi ni mji wa wavuvi na kamba zimejaa sokoni. Kamba nyingi za nyavu na mitumbwi ni za plastiki nyepesi inayoelea juu ya maji. Zinafaa sana ziwani. Lakini plastiki hiyo huharibiwa na jua, na huyeyuka kwa joto la msuguano inapopita kwenye gome au kwenye kamba nyingine kwa kasi. Itumie kuvuta tawi au kuliteremsha polepole. Usiitundike mwili wako.

Kamba ya kupandia ni ya kusukwa, yenye unene wa kama milimita 11 hadi 13, na hutengenezwa maalum kubeba mtu. Inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama katika miji mikubwa. Pamoja nayo unahitaji mkanda wa mwili unaoshika kiuno na mapaja, na kamba fupi mbili za kujifunga kwenye shina. Mkanda wa kiuno peke yake unaweza kukuumiza mbavu na mgongo ukianguka ndani yake. Kabla ya kila kazi, pitisha kamba yote mkononi na utafute mahali palipochanika, palipoungua au palipokuwa pagumu. Kamba iliyomwagikiwa mafuta ya betri au iliyokatika nyuzi istaafishwe siku hiyo hiyo. Na usinunue mkanda wa mitumba ambao hujui historia yake: kamba na mikanda huzeeka bila kuonekana.

Ikiwa huna mkanda na kamba ya kupandia, bado una kazi. Fanya matawi yanayofikiwa ukiwa umesimama chini, kwa msumeno uliofungwa kwenye mti mrefu. Miembe mingi ya uani inaweza kupunguzwa nusu ya kazi yake kwa njia hiyo.

*Hatua ya 4: chensoo*

Usinunue chensoo katika miezi ya kwanza. Kodi, au shirikiana na mtu aliye nayo, na ujifunze kwanza kuitumia chini, kwenye magogo yaliyolala. Katika nchi zenye mafunzo rasmi ya kazi hii, mwanafunzi kwa kawaida hujifunza chensoo ya ardhini, kisha kupanda kwa kamba, na baada ya hapo tu ndipo hufundishwa kutumia chensoo akiwa juu. Mpangilio huo uliandikwa kutokana na ajali.

Siku ukifika ya kununua, angalia mambo haya kabla ya kutoa pesa:

- *Breki ya mnyororo.* Sukuma kikinga cha mbele ya mkono. Mnyororo lazima usimame papo hapo. Chensoo ikigusa kitu kwa ncha ya juu ya ubao, hurudi nyuma kuelekea usoni kwa kasi kuliko unavyoweza kukwepa. Breki hii ndiyo inayookoa maisha.
- *Kifungo cha usalama cha mafuta.* Mashine isiongeze kasi mpaka ubonyeze vifungo viwili kwa pamoja.
- *Urefu wa ubao.* Sentimita 35 hadi 40 zinamtosha anayeanza. Mashine kubwa yenye ubao wa sentimita 50 inachosha mikono, na mikono iliyochoka ndiyo inayokatwa.
- *Vipuri.* Muulize muuzaji kama ana mnyororo, plagi na chujio la hewa vya mashine hiyo hiyo. Zipo nakala nyingi za mashine zenye majina makubwa. Rangi na maandishi yanafanana, lakini vipuri havikai. Mashine isiyo na vipuri Nchelenge au Mansa ni chuma chakavu baada ya msimu mmoja.
- *Mafuta.* Injini nyingi hutumia petroli iliyochanganywa na oili maalum. Uwiano wa 50 kwa 1 ni mililita 20 za oili kwa kila lita 1 ya petroli. Uwiano wa 25 kwa 1 ni mililita 40. Fuata kitabu cha mashine yako. Ukiweka petroli tupu, injini itakwama na haitapona.

Ongeza kwenye bajeti kinga ya masikio, tupa la duara la kunolea meno, na suruali ya kazi ya chensoo, ambayo ndani yake ina nyuzi zinazonasa mnyororo na kuusimamisha. Kama huwezi kumudu hivyo pamoja na mashine, bado hujaweza kumudu mashine. Mnyororo ukitoa vumbi badala ya vipande vya mbao, umekuwa butu: simama, noa.

Jinsi ya kukata tawi bila kuua mti

Mteja atakuita tena ikiwa mwembe wake utazaa mwakani. Tawi kubwa hukatwa kwa mikato mitatu:

1. Kata kidogo kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina. Mkato huu unazuia gome lisichanike hadi kwenye shina tawi linapoanguka.
2. Kata kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, mpaka tawi lianguke.
3. Ondoa kisiki kilichobaki. Utaona uvimbe mahali tawi linapotokea kwenye shina. Kata nje ya uvimbe huo, usiukate. Hapo ndipo mti unapofungia kidonda.

Usipake rangi wala oili chafu kwenye kidonda. Usiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti mzima kwa mara moja. Na mteja akikuambia «kata kichwa chote», mweleze kwamba mti uliokatwa kichwa huchipua machipukizi mengi dhaifu, na hayo ndiyo yatakayoanguka kwenye bati lake baada ya miaka michache. Wakati mzuri wa kupogoa mwembe ni mara tu baada ya mavuno kwisha. Matawi makavu na ya hatari yanaweza kutolewa wakati wowote.

Mambo yanayoua

*Umeme.* Njia za kusambaza umeme Zambia hubeba volti 11,000 au 33,000. Tawi bichi lina maji, na maji hupitisha umeme. Huhitaji kugusa waya: tawi likiugusa wakati wewe umeshika tawi, inatosha. Mti wowote uliokaribia nyaya ni kazi ya ZESCO. Mwambie mteja atoe taarifa kwao, na uondoke. Hakuna malipo yanayofaa kwa kazi hiyo.

*Kufanya kazi peke yako.* Lazima awepo mtu wa chini ambaye hafanyi kazi nyingine ila kukutazama, kuzuia watoto wasipite na kuita msaada. Wekeni alama ya eneo ambalo hakuna anayeingia. Kwa kuangusha mti, eneo hilo liwe na umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa mti.

*Tawi lililobanwa.* Tawi lililopinda chini ya uzito wa mti mwingine ni kama upinde uliovutwa. Ukilikata ghafla litakupiga. Anayeanza asiliguse.

*Nyuki na nyoka.* Zunguka mti kwa dakika chache kabla ya kupanda. Tazama mashimo, sikiliza. Mtu aliyefungwa kamba hawezi kukimbia nyuki.

*Upepo na mvua.* Ukisikia radi kutoka upande wa ziwa, shuka. Kazi itakuwepo kesho.

Mtu akikatwa, bonyeza kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi na usiachie. Mtu akianguka kutoka juu, usimnyanyue wala kumkalisha: mzuie asisogee shingo na mgongo, na ita msaada. Kabla ya kuanza kazi yoyote, jueni kituo cha afya kilicho karibu na nani ana usafiri. Hospitali ya St Paul's iko Kashikishi. Swali la «tutamfikishaje» lijibiwe kabla mtu hajapanda.

Kupata kazi

*Anza na miti inayoonekana.* Mti wa kwanza uufanye vizuri mahali ambapo watu wanapita: kanisani, shuleni, karibu na kisima au sokoni. Mkikubaliana na shule kupogoa mti mmoja kwa bei ndogo, wazazi wote wataona kazi yenu. Safisheni mpaka jani la mwisho. Katika kazi hii, mteja hukumbuka uwanja ulivyoachwa kuliko mkato wenyewe.

*Fuata msimu.* Agosti hadi Oktoba, kabla ya mvua, pita kwa wenye nyumba za wageni za kando ya ziwa, shule, zahanati na makanisa, na uwaonyeshe matawi makavu yaliyo juu ya paa. Usiwatishe. Onyesha kwa kidole, taja bei, acha jina. Baada ya mavuno ya maembe, rudi kwa wenye miembe.

*Tafuta kazi za msaidizi.* Njia bora ya kujifunza ni kuwa mtu wa chini kwa fundi mwenye uzoefu: kuvuta kamba, kuburuta matawi, kunoa. Pia hutokea kazi za kusafisha vichaka chini ya njia za umeme kupitia wakandarasi. Uliza ofisini kwao, na usikubali kwenda bila kuambiwa ni nani anayetoa vifaa vya kinga na nani anayegharamia matibabu.

*Kazi hii si ya wanaume pekee.* Kuongoza usalama wa chini, kupanga bei, kutunza daftari na kupogoa kwa msumeno wa mkono ni kazi anazoweza kuzifanya mwanamke au mwanaume. Watoto hawaruhusiwi, hata kuburuta matawi wakati mtu yuko juu.

*Panga bei kwa hesabu.* Usitaje bei kabla ya kuuona mti. Hesabu watu, usafiri, kunoa au mafuta, na akiba ya vifaa. Kwa mfano tu: watu 3 kwa K80 kila mmoja ni K240; usafiri K40; kunoa na mafuta K60; akiba ya vifaa K60. Jumla ni K400. Mtu akikwambia ufanye kwa K200, sasa unajua kwamba anakuomba ulipe wewe. Bei za kwenu zinaweza kuwa juu au chini ya hizi. Hesabu ndiyo inayobaki.

*Kubalianeni kabla ya kupanda.* Andikeni kwenye karatasi, hata kwa mistari mitano: mti upi, matawi yapi, bei, lini inalipwa, na kuni ni za nani. Hili la mwisho huleta ugomvi kuliko pesa. Ikiwa kuni zinabaki kwa mwenye mti, isemwe. Ikiwa ni zako, uliza Idara ya Misitu kabla ya kuzisafirisha kwa kuuza.

*Nunueni vifaa pamoja.* Likelemba kwa Wakongomani, chilimba kwa Wazambia: jambo ni lile lile. Watu watano wanaochanga kila wiki wanaweza kupata kofia, kamba nzuri na mkanda mmoja wa kupandia ndani ya msimu, wakati mtu mmoja angesubiri mwaka. Andikeni vifaa ni vya nani, vinatunzwa wapi, na nini kitatokea mwenzenu akihama au akirudi nyumbani.

Mafunzo

Kwa anayetaka kuendelea mbali, Chuo cha Misitu cha Zambia kiko Mwekera, karibu na Kitwe, na mafunzo ya ufundi nchini husimamiwa na TEVETA. Ndani ya makazi, uliza ofisi ya Afisa wa Wakimbizi na mashirika yanayoshughulikia riziki kama kuna nafasi za mafunzo ya ufundi kwa msimu huu.

Kumbuka: nafasi za mafunzo na vifaa vinavyotolewa na mashirika ya misaada ni bure. Mtu yeyote akikuomba pesa, kazi ya bure au uhusiano wa kimapenzi ili aandike jina lako, kataa na utoe taarifa kupitia dawati la malalamiko au ofisi ya ulinzi. Hutapoteza haki yako kwa kutoa taarifa.

Kabla ya kupanda, jiulize

- Mwenye mti ameniruhusu yeye mwenyewe?
- Kibali changu kiko mfukoni?
- Kuna waya wa umeme karibu?
- Nani ananitazama kutoka chini?
- Nimefungwa mahali pawili?
- Tukipata ajali, tunaenda wapi na kwa usafiri gani?

Jibu moja likikosekana, kaa chini. Mti utasubiri.